Fungate na Kidumu cha Mama Mkwe

Mimi ni fundi cherehani sokoni Mwanga, mjini Kigoma. Kwa miaka mingi nimewashonea wenzangu magauni ya harusi, kisha nikawapungia mkono wakienda fungate. Wapo waliofika Zanzibar wakanitumia picha, miguu mchangani, dafu mkononi, na mimi huku nakata vitambaa jasho likinitiririka. Nikajiapiza kwamba zamu yangu ikifika nami nitakwenda kisiwani, liwalo na liwe.

Zamu ikafika, ila bwana harusi mwenyewe alikuwa mkimbizi. Elia alivuka ziwa kutoka Burundi pamoja na wazazi wake, wakati watu walipokuwa wakikimbia kwa mitumbwi, na alipokutana nami alikuwa akifundisha watoto kambini. Alikuja dukani kwangu kuagiza sare za shule, akaendelea kuja hata sare zilipokwisha. Nilijua kwamba baba yake alifariki katika kukimbia huko. Alifia wapi sikuuliza, naye hakusema. Elia si mtu wa maneno. Ukimwambia mvua inakuja, atasema sawa. Ukimwambia chakula kimeungua, sawa. Nilikuwa namtania kwamba hata kanisani, mchungaji akimuuliza kama anakubali kunioa, atajibu hivyohivyo.

Zanzibar ilikuwa ndoto, maana ruhusa ya kutoka kambini haikufika mbali kiasi hicho. Nikaanza kutafuta kisiwa humuhumu ziwani kwetu. Mteja wangu mmoja akanionyesha kwenye simu picha za mahali kaskazini, karibu na mpaka. Ilikuwa rasi yenye michikichi, na mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yaliikata shingo ikabaki kisiwa. Mama mmoja wa huko alikuwa anapangisha vyumba. Nikamwonyesha Elia. Aliishika ile simu muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole, akauliza, "Imepigwa lini hii?"

"Juzijuzi. Pazuri, eeh?"

"Tuende hapa," akasema. Lilikuwa jambo la kwanza katika harusi yetu nzima alilolichagua mwenyewe, nikafurahi kama mtoto.

Harusi tulifunga Gungu, palepale mjini. Mama yake alipewa ruhusa akaja. Watu walicheza, shangazi zangu wa Kiha walipasua sauti kwa vigelegele, lakini mama mkwe alikaa kwenye kiti mikono mapajani mwanzo hadi mwisho. Shangazi alipokwenda kumvuta, alitikisa kichwa tu. Nikajua hanitaki. Nililiweka moyoni, na niseme kweli, liliniuma.

Likaja jingine lililoniuma zaidi. Tangu tuoane, mume wangu hakunigusa. Tulilala mgongo kwa mgongo kwenye chumba chetu cha kupanga. Nikajisemea ni uchovu, au ni aibu, maana kuta za chumba kile zinapitisha hata kikohozi. Nikaweka matumaini yangu yote kisiwani. Tukifika kule, niliwaza, kama bado atanipa mgongo, basi ndoa hii sina.

Asubuhi ya safari tulishuka Kibirizi, zinakopakilia boti za kaskazini. Nilikuwa nimejishonea gauni la maua makubwa mekundu na kofia ya ukindu. Elia alibeba begi langu mkono mmoja, na mkono mwingine kidumu cha manjano ambacho mama yake alimkabidhi kabla ya kurudi kambini. Nilikinusa. Pombe ya ndizi.

"Elia, sisi walokole tunakwenda fungate na kidumu cha pombe?"

"Ni cha mama."

"Mama hayupo kwenye fungate hii."

Alikiweka katikati ya miguu yake botini, na kila wimbi lilipopiga alikishika kwa mikono miwili. Mimi kofia yangu ilipotaka kupeperuka nilijishikia mwenyewe.

Boti ilikuwa ya mbao, yenye injini moja inayokohoa, imejaa magunia ya mahindi, kreti za soda na kuku waliofungwa miguu. Milima upande wetu wa kulia ilishuka mpaka majini, na ufukweni nyani walikaa wakitutazama. Kila kijiji tulichotia nanga kilikuwa na kidonda kilekile. Nyumba zilisimama majini mpaka madirishani, michikichi ilikauka ikiwa imesimama ziwani. Abiria walionyeshana kwa vidole, hapa palikuwa na kanisa, hapa palikuwa na soko la samaki. Elia alikuwa akinyanyuka kila tulipopita rasi, anaangalia, anakaa. Uso wake ulikuwa umepauka. Nilimpa maji, nikidhani ni kichefuchefu.

Mchana tukafika. Kijiji chenyewe sitakitaja, wenyeji wake wameshaandikwa magazetini vya kutosha. Mtumbwi mdogo ulituvusha hadi kisiwani, na mwenye vyumba, Mama Rehema, alitupokea akiwa na upawa mkononi.

"Karibuni maharusi! Mwenzangu, umependeza. Nimewachemshia migebuka na ugali wa muhogo."

"Shikamoo mama," Elia akasema, kisha bila hata kukaa akamuuliza, "Mama, yale makaburi yako upande gani siku hizi?"

Upawa ule ulishuka taratibu. Mama Rehema alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe wewe ni wa wale," akasema. "Pole, mwanangu. Ziwa limeyala. Tulihamisha machache, mengine maji yalituwahi."

Elia alikaa chini mchangani, na suruali yake ya harusi. Mimi nilibaki nimesimama na kofia yangu ya ukindu, sielewi kitu, mpaka aliponieleza.

Hapa ndipo walipotua. Watu walikuwa wamejazana ufukweni hakuna pa kukanyaga, maradhi ya kuhara yakaingia, na baba yake hakuona jua la pili. Walimzika kwenye rasi hii pamoja na wengine, juujuu, kwa haraka, na Elia akachomeka kijiti cha mnyaa kichwani pa kaburi kwa sababu mnyaa hushika popote. Kesho yake wakapakiwa melini kupelekwa Kigoma, na kutoka hapo kambini.

"Kwetu aliyefiwa hubaki msibani mpaka ukoo ukae, unywe pombe, marehemu amwagiwe yake. Ndiko kuganduka, kutoka msibani. Kabla ya hapo mtu hachezi, haoi, na mtu na mkewe..." Akaishia hapo. "Mama alisema ndoa isingoje, nisije nikazeekea kambini. Lakini aliniapisha. Baba kwanza, ndipo mke."

Nilihisi damu imenipanda kichwani. "Kwa hiyo fungate yangu ni matanga?"

"Ningekwambia, ungekuja?"

"Ningekuja na kitenge cheusi, Elia! Nisingekuja na maua haya!" Nililia pale mbele ya Mama Rehema na samaki wake. Nililia kwa hasira, maana kisiwa nilichokitamani miaka yote kilikuwa kimejaa wafu, na mume wangu alikuwa akijua tangu ile picha. Kisha nikamkumbuka mama mkwe kitini, mikono mapajani, na hasira ikakosa pa kukaa. Yule mama hakuwa amenikataa. Alikuwa msibani kwenye harusi yangu, peke yake, na hakuna aliyempa pole.

Asubuhi yake Mama Rehema alituongoza upande wa magharibi wa kisiwa. Hapakuwa na kaburi hata moja la kuona. Palikuwa na maji tu, ya kijani, matulivu, mazuri kama ya kwenye zile picha za wateja wangu. Mbali kidogo na ukingo vilichomoza vijiti vichache vya mnyaa, vyeupe, vimekufa.

"Ni ule?" nikauliza.

"Sijui. Wengi tulipanda mnyaa."

Aliingia majini na kidumu chake. Nikamwona anavyoyumba, nikavua kofia, nikamfuata na gauni langu. Maji yalitufika kiunoni. Tulipofika kwenye kijiti cha kwanza alikishika kujaribu uimara wake, nacho kikavunjika mkononi. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mwalimu wa watu. Nikafungua kidumu mimi, nikamwekea mikononi. Akamimina.

"Data, turagandutse," akasema. Baba, tumetoka msibani.

Kilichobaki tulikwenda kukinywa na Mama Rehema kwenye kikombe kimoja cha plastiki, kama inavyotakiwa, wote walioshuhudia. Mimi sikuwahi kuonja pombe maishani. Nilikunywa funda moja chungu, na Mungu anajua kwa nini. Tulipokaa pale kivulini, Elia alikamua maji ya pindo la gauni langu kwa mikono yake, taratibu, upande mmoja hadi mwingine. Ndipo nilipojua kwamba ndoa ninayo.

Tulirudi kwa boti ileile, na safari hii hakusimama kuangalia rasi. Kutoka Kigoma tulipanda basi hadi kambini, kwa sababu ruhusa yake ilikuwa inaisha, na tangu siku ile tunaishi hivyo, yeye huko, mimi Mwanga, tukionana wanapomruhusu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni pa kibanda chake. Hakutusalimia. Alichukua kidumu, akakipindua juu chini, akaona hakitoki tone.

"Mulimwona?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha Kirundi.

"Tulimwona," Elia akajibu.

"Kaburi liriho?"

"Lipo, mama."

Hakutosheka naye. Akanigeukia mimi, mkaza mwanawe. "Wewe, mukazana wanje. Uliona kwa macho yako?"

Nilimtazama Elia. Alikuwa anaangalia chini. Nimelelewa nisiseme uongo, na kanisani ninasimama kulisema hilo.

"Nimeona, mama. Na mnyaa umeshika. Umekuwa mti mkubwa."

Mama mkwe aliweka kidumu chini. Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akanyanyua mikono yote miwili juu kama wanavyocheza kwao, kama pembe za ng'ombe, akaanza kucheza. Hapakuwa na ngoma wala wimbo, ila vumbi la kambi na majirani waliotoka kutazama. Alinizunguka mimi, machozi yakimtoka, akicheza harusi yangu.

Alipochoka alishika mkono wangu ili apumue. "Na mie nikifa," akasema, "munipereke pale. Munizike pembeni ye, chini ya uo mti."

Elia aliinama akaokota kidumu. Nikaitazama ile mikono ya mama mkwe iliyoshika wangu.

"Sawa, mama," nikasema.