Sindano Niliyomchoma Nyamizi

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa tumbaku, mwanangu, na kama ningekuwa na uwezo wa kuisahau, ningekwisha kuisahau. Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimevaa koti jeupe.

Nikwambie kwanza mimi ni nani, usije ukadhani unasoma maneno ya msomi. Darasa la saba nililimaliza kwa shida, na mbele ya hapo sikwenda. Leo nina nyumba Chemchem, nina mizinga porini ambayo asali yake watu wanaigombea, na watoto wangu wote wamesoma kuliko mimi. Hayo nimeyapata kwa mikono hii, sikubebwa na mtu. Kwa hiyo mnaponijia na matokeo yenu ya kidato cha nne, mnaniambia, "Babu, nataka chuo cha afya," siwacheki. Lakini nikiwauliza kwa nini, wengi mnajibu kwamba baba kasema, au kwamba udaktari una heshima. Basi mimi heshima hiyo niliionja kabla ya wakati wake, na walioumia ni wengine.

Nilikuwa mhudumu katika zahanati ya kijiji kimoja ng'ambo ya Kaliua, kando ya ile njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Kazi yangu kufagia, kuchota maji, kuosha vidonda, na kuchemsha mabomba ya sindano ya kioo kwenye jiko la mafuta ya taa. Tabibu wetu alikuwa Mzee Selemani, mtu mkali asiye na maneno mengi. Aliniahidi kwamba nikimaliza mwaka bila doa ataniandikia barua ya kunipendekeza kwenye chuo cha kufundisha matabibu wa vijijini. Siku zile mtu wa darasa la saba aliweza kuingia, ila bila barua ya mkubwa wako wa kazi hawakukutazama. Barua ile ndiyo iliyokuwa maisha yangu. Nililala nayo, niliamka nayo.

Sasa, kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Anayefagia ni daktari, anayeandika kadi ni daktari. Mzee Selemani alinikanya mapema: "Wakikuita daktari, wasahihishe. Siku hiyo hiyo, palepale." Sikumsahihisha hata mmoja. Wanawake waliomzidi mama yangu umri waliniinamia njiani, "Shikamoo daktari," nami nikaitikia marahaba bila haya. Ndiyo, mimi. Nilikuwa mpumbavu wa namna hiyo.

Asubuhi ninayokwambia, Mzee Selemani alikuwa amekwenda Kaliua kuchukua dawa, atarudi jioni. Akaja mkulima mmoja aitwaye Maganga na mkewe, wamembeba binti yao Nyamizi, wa miaka sita, anaungua homa. Benchi lilikuwa tupu. Watu wote walikuwa mashambani.

"Mwekeni hapa kivulini," nikasema. "Nitawapa vidonge na maji ya kumpoza. Mzee atarudi jioni."

"Mzee gani tena? Wewe si daktari?" Maganga akanitazama kuanzia kola mpaka pindo. "Au koti umeazima?"

Mkewe akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mchome sindano tuondoke," akasema Maganga. "Tumbaku iko kwenye bani la kukaushia, moto unataka mtu. Vidonge ni vya mafua."

Unajua watu wetu na sindano. Mgonjwa akiondoka bila kuchomwa, anaona hakutibiwa. Na mimi nilikuwa nimemtazama Mzee Selemani akichoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ningeweza kusema, "Ndiyo, nimeazima." Maneno mawili tu. Badala yake nikavuta kwinini kwenye bomba, nikamlaza yule mtoto kifudifudi kwenye mapaja ya mama yake, nikamchoma katikati ya tako. Alipiga kelele, na mguu ukaruka wenyewe. Nikampangusa kwa pamba. "Tayari, mama Nyamizi," nikasema, kwa sauti ya daktari.

Jioni Mzee Selemani akauliza, "Nani alikuja leo?"

"Hakuna, mzee. Wote wako kwenye tumbaku."

Homa ya mtoto ilishuka, kwa hiyo hawakurudi. Lakini unyayo wake ulianza kuning'inia. Akitembea, vidole vinaburuza mchanga. Nilimwona mwenyewe kisimani, nikageuka nikapita njia nyingine. Wiki ile ile Mzee Selemani aliiandika barua, akanisomea, akaituma. Kilichobaki kilikuwa kungoja jina langu litoke.

Jirani yao alikuwa mjane mmoja mzee, Bibi Kalunde, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Alimhurumia mtoto, akawa anakwenda kila siku kumkanda mguu kwa mafuta ya karanga. Watu wakaona anaushika mguu ule ule uliokufa. Hapo maneno ya uchawi yakaanza kusemwa. Kwanza kwenye pombe, halafu kisimani, halafu waziwazi. Nami nilisikia, mwanangu. Kila siku nilisikia. Nikajiambia maneno ya walevi yatapita. Nikajiambia jina langu likishatoka nitasema. Kumbe nilikuwa nangoja mtu aungue.

Wakaichoma nyumba yake na yeye yumo ndani. Wajukuu zake ndio waliomtoa, wakamleta zahanati kwenye toroli la matofali, mikono na mgongo vimebabuka. Na kuosha vidonda ilikuwa kazi yangu. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, naye anasaga meno, hapigi kelele. Nilipokuwa namfunga bandeji akanishika mkono.

"Daktari," akaniambia, "kale kamguu ka mtoto kanaendeleaje? Nani anakakanda sasa?"

Niliweka bandeji chini, nikatoka, nikamkuta Mzee Selemani anaandika kwenye daftari la wagonjwa, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Aliinuka akanishika tako langu mwenyewe kwa vidole viwili, akaligawa sehemu nne. "Hapa, juu, upande wa nje, ndipo pa sindano. Hapa katikati unapita mshipa wa fahamu mnene kama kidole, unateremka mpaka unyayoni. Ulijua?"

"Sikujua, mzee."

"Kutojua si kosa, ndiyo maana nilitaka uende chuo. Kosa ni kuchoma na hujui. Na kosa la pili limelala mle ndani limefungwa bandeji." Akavaa kofia. "Twende kwa Maganga."

Tulimkuta kwenye bani lake. Nikasema mbele yake na mbele ya ndugu zake: mimi si daktari, mimi nafagia, mguu wa Nyamizi niliuua mimi kwa sindano, Bibi Kalunde hana hatia. Mzee Selemani akaeleza habari ya mshipa. Maganga alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Halafu akanicheka.

"Daktari, una roho nzuri sana," akasema. "Unamtetea mchawi kwa kujitia ubaya mwenyewe. Sindano yako ndiyo iliyomponya mwanangu homa, mimi nilikuwepo." Akamwambia mkewe anikamatie kuku.

Nilisema tena. Nikaapa. Hawakuniamini, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha mwaka mzima kuniamini katika lile la uongo. Bibi Kalunde hakuweza kurudi kijijini. Vidonda vilipokauka Mzee Selemani alimpandisha treni pale Kaliua, akaenda kwa kaka yake kule Mpanda, na huko akafa akiitwa mchawi. Barua yangu ilifuatwa na barua nyingine ya kuibatilisha, tena nilimshikia Mzee Selemani wino. Nyamizi yuko hai, ana wajukuu. Nilimweleza ukweli alipokuwa mkubwa. Alinisikiliza, akaingia ndani, hakutoka tena mpaka nikaondoka. Sikumlaumu.

Sasa nisikilize. Kabla hujajaza fomu ya chuo, nenda zahanati ya karibu, umwombe mganga mfawidhi akuruhusu ushinde pale likizo nzima. Fagia. Osha usaha. Kaa na wanaofiwa. Ukirudi nyumbani unataka kukimbia, kimbia mapema, hakuna atakayekulaani. Na uwaulize mkunga, mtu wa maabara, mtu wa dawa, kila mmoja siku yake inakwendaje, maana nyote mnasema daktari kama vile hospitali haina kazi nyingine. Kama baiolojia, kemia na fizikia hazikukaa vizuri, rudia mtihani, utachelewa tu. Yule anayekuambia atakutengenezea cheti, anakuvika koti nililovaa mimi. Chuo nacho kichunguze kama serikali inakitambua, usije ukatoka na karatasi isiyokupa ruhusa ya kumgusa mtu. Na kwenye usaili wakikuuliza utafanya nini usipojua, usiwapambie maneno. Sema: nitamwita anayejua, na kama hayupo nitamwambia mgonjwa kwamba sijui.

Watakuita daktari hata siku ya kwanza, ungali na begi la shule. Wasahihishe palepale. Utaona haya, vumilia. Haya hiyo ni ndogo.

Mungu akupe mikono tulivu, akupe na ulimi mwepesi wa kusema ukweli wakati bado unasaidia. Wanaokungoja uwatibu wakukute umekuwa tayari. Nenda salama, mwanangu.