Wivu wa Kuangushwa

Mimi ndiye niliyempeleka. Nasema mapema, mtu asije akadhani alijiokotea nafasi ile njiani. Meza yake ya vitenge na yangu ya chumvi zilipakana pale sokoni Bwera. Alikuwa Mkongo wa Butembo, mpole mpaka anaudhi. Siku moja akaniuliza Jumamosi huwa naenda wapi na zile nguo nyeupe. Nikamjibu, Kasese, kujifunza aikido kwa mwanajeshi mstaafu. Laiti ningenyamaza!

Afande, ndivyo tulivyomwita mwalimu, alitufundishia kwenye ukumbi wa kanisa. Tulimwaga maganda ya kahawa sakafuni, tukatandaza turubai juu yake. Kabla ya kumwangusha mtu, ulijifunza kuanguka wewe. "Usishindane na nguvu!" alikuwa akifoka. "Mtu akikusukuma, mpishe, geuka naye, mshushe bila kumvunja!" Na kila alipoonyesha mbinu mpya, alimwita mmoja wetu mbele amshambulie, kisha akamwangusha. Watu waliochungulia dirishani walimhurumia huyo anayeangushwa. Wajinga! Ile ilikuwa heshima, maana mwalimu humwita yule anayemwamini. Mwaka mzima aliyeitwa ni mimi.

Basi nilipomleta yule Mkongo, akaanza kuitwa yeye. Nilikaa pembeni nimepiga magoti, na kila alipodondoka akainuka anatabasamu, roho iliniuma kama jino bovu. Ana nini huyu ambacho mimi sina?

Jibu nililipata sokoni, wala sikulitaka. Mpagazi mmoja mlevi, ambaye juzi yake tu alinisukuma nikamtukana yeye na ukoo wake wote, alikuja kumparamia mwenzangu. Mwenzangu akampisha, akamshika kiwiko, akageuka naye, akamkalisha juu ya gunia langu la chumvi. Halafu akampa maji! Mpagazi akacheka, soko zima likacheka. Mimi nilimwambia tu amwondoe mlevi wake kwenye chumvi yangu.

Haukupita muda Afande akatutangazia kwamba anahamia Kampala. Alitaka kuacha darasa jipya Bwera, na wa kulifundisha angemchagua kati yetu sisi wawili siku ya mwisho. Jamani, nililitaka darasa lile! Nililala nalo, nikaamka nalo.

Siku ilipofika, akaniita mimi mbele. Moyo ukaniruka. Kisha akamwita na mwenzangu, na Afande mwenyewe akarudi nyuma.

"Mshike!" akaniamuru.

Nilimrukia, nikamkaba mkono kwa hasira yangu yote ya miezi ile. Nilitaka ayumbe, ukumbi mzima uone. Yeye aligeuka tu. Nguvu zangu zenyewe zikanibeba, miguu ikanipotea, nikaanguka chali nje ya turubai, kichwa kikienda moja kwa moja kwenye simenti. Hakikufika. Alikuwa ameshatanguliza kiganja chake chini ya kisogo changu, akanilaza taratibu kama mtoto aliyesinzia.

Afande alimtazama, akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyehitaji kuambiwa darasa ni la nani.

"Yaya, uliumia?" mwenzangu akaniuliza, akiniita mkubwa wake kwa Kiswahili cha kwao, bado amenishika kichwa, vidole vyake vinatoka damu.

Nikasema hapana. Angeniacha nipasuke, ningekuwa angalau na la kulalamikia.