Mjukuu wa Mbelekoni

Papuq Sumenah, bibi wa nyumba inayotazamana na yangu, aliwalea watoto wake watano kwa fimbo. Kijiji kizima hapa kisiwani Lombok kinajua. Lakini binti yake Nurhaeni alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, akamwachia mwanawe Hapiz wa miezi minane, alimshika mikono akamsihi: "Inaq, mama yangu, mwanangu asilie."

Basi bibi akalishika neno hilo kama dini. Hapiz akikunja uso tu, yuko mgongoni ndani ya mbeleko. Akisukuma wali na mchuzi wa mlonge, anapewa vitafunwa vya pakiti. Akitaka chupa, anakorogewa maziwa ya kopo, yale mazito yaliyojaa sukari. Mimi nilichoka kusema.

"Papuq, hayo si maziwa, ni sukari. Mpe yai, kuku wako wanataga."

"Yai limletee majipu? Wewe lea wako!"

"Wangu anakula."

"Wako analia mpaka msikitini wanasikia! Huyu umewahi kumsikia?"

Kweli, sikuwahi. Kliniki ya watoto alimpeleka mara moja tu. Mtoto alipoketishwa kwenye mizani akapiga ukelele, bibi akamnyakua. "Mnamtesa mtoto ambaye mama yake hayupo! Hamna haya?" Hakurudi tena.

Jayadi wangu, aliyezaliwa mwezi mmoja na Hapiz, akawa anapanda mpera wangu na kuniharibia matawi, mwenzake bado yuko mbelekoni. "Ni ufupi wa ukoo," bibi alisema. "Nimkabidhi tu kwa mama yake salama, kisha nife zangu." Aliomba hilo kila alipomaliza kuswali. Nilimwonea hasira, nikamwonea na huruma.

Siku zile hatukuwa na simu za kuonana sura. Nurhaeni alirudi mtoto ametimiza miaka minne, na sote tukajaa mlangoni kwa bibi kumpokea. Akashuka garini, amekonda, macho yanatafuta. Akampita mama yake, akapiga magoti, akamkumbatia Jayadi wangu.

"Mwanangu! Jamani, umekua!"

Ulimi wangu huu, unaojulikana kwa ukali, ulikuwa mzito.

"Nurhaeni, mdogo wangu. Huyo ni wa kwangu."

Akamwachia polepole. "Wangu yuko wapi?"

Macho yake yalipita juu ya mbeleko, yakarudi. "Na hako kachanga, Inaq, unamlelea nani?"

Bibi akafungua fundo la mbeleko, akamteremsha mtoto chini, akamfuta kamasi kwa ncha ya saruni yake.

"Simama, Hapiz," alisema. "Simama wima, mama yako akuone."

Hapiz akainua uso kumtazama.

"Si nimesimama, Papuq."