Tisa Zangu kwa Mpagazi Lubango

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche vizuri, maana Tabora nzima inanijua na nusu yake wanalala kwenye vitanda nilivyotengeneza mimi. Nina miaka arobaini na tisa, seremala wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, Mzaramo niliyeletwa huku na reli nikasahau kurudi. Darasa la nne sikulimaliza, lakini nimefika Kigoma, nimefika Mombasa, na sinema nimetazama nyingi kuliko wanaozitengeneza. Kwa sifa hizo nikafanywa hakimu wa michezo ya kuigiza katika kijiji kimoja cha ujamaa jirani na Usoke. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Kijijini hapo yupo rafiki yangu, nimwite Masanja, Mnyamwezi, mtani wangu. Wasomaji wa mbali mjue kwamba babu zake walibeba mizigo hadi pwani, babu zangu wakawapokea, na tangu hapo Mzaramo na Mnyamwezi hutukanana bila kukasirikiana. Masanja akiniona nashuka kwenye treni husema, "Ficheni kuku, Mzaramo kafika." Nami humjibu, "Tua mzigo kwanza, mpagazi, pwani bado mbali." Amenizidi miaka mitano, lakini shikamoo yangu hajawahi kuipata. Miaka ishirini hatujanuniana hata siku moja.

Kila mwaka tumbaku ikishauzwa, kikundi chake huonyesha mchezo wa Mpagazi Lubango, kila mwaka sehemu mpya. Ile ya kwanza, wallahi, ulikuwa mchezo. Lubango anamzika mwenzake njiani, kisha anabeba pembe mbili za ndovu, yake na ya marehemu, kwa sababu hataki isemwe kwamba mwenzake hakufika. Watu wazima walilia. Mimi nilisingizia moshi wa kiko. Hakimu huandika alama kwa chaki kwenye kibao na kukiinua juu; nikaandika tisa juu ya kumi, na nikajitolea kuwachongea pembe mpya za mti wa mninga, ambazo wanazibeba hadi leo.

Sehemu ya pili nikaipa tisa, ilistahili. Ya tatu tisa, nikiwa nimefumba jicho moja. Kuanzia ya nne, simba ni yuleyule aliyevaa gunia, pembe inaanguka palepale, Lubango anaimba wimbo uleule, halafu tunakwenda kula. Tisa. Mwaka huu ilikuwa sehemu ya saba, nami nilisinzia. Makofi yaliponiamsha niliinua kibao nilichokuwa nimekiandika nyumbani kwangu kabla ya kupanda treni. Tisa.

Siku hiyohiyo kulikuwa na mchezo wa pili. Binti wa Masanja, nimwite Nyanzobe, aliutunga na kina mama wa darasa la elimu ya watu wazima. Mama mmoja anajifunza kusoma, anafungua barua za zamani za mumewe ambazo jirani ndiye aliyekuwa akimsomea, anagundua kwamba maneno yote ya mapenzi jirani aliyaongeza mwenyewe kwa kumhurumia. Basi. Hakuna simba. Kiko kilinizimikia mkononi sikujua. Lakini nikajiambia hawa ni wapya, hawana jina, wasivimbe kichwa. Nikaandika sita.

Sasa kijiji kinapeleka mchezo mmoja tu kwenye mashindano ya mkoa, na kwa alama zangu anakwenda Lubango.

Nililala kwa Masanja siku nne; siku ya kuondoka Nyanzobe alinifuata stesheni. Binti yule tangu mdogo hunisalimu kwa utani wa baba yake. Siku hiyo akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo hujanitukana, unaumwa?"

"Siumwi. Nauliza tu. Ile sita, uliutazama mchezo, au ulitazama nani kauleta?"

Mimi, mdomo wa kusimulia Mombasa siku tatu, nikaanza kusifia kanga yake. Akasema taratibu, "Kina mama wameacha kuja darasani. Wanasema kama kile walichokitoa rohoni ni sita, basi hawana akili ya shule."

Treni ikaja ikaondoka, sikupanda. Nikarudi kwa Masanja, nikamkuta anazipaka pembe chokaa.

"Masanja, Lubango kachoka. Tangu sehemu ya nne nakupa tisa za bure. Mchezo ni wa binti yako."

Alicheka hadi akatua brashi. "Jamani njooni, Mzaramo leo kanyimwa kuku."

"Nasema kweli."

"Najua. Hata ulivyosema babu yangu alipoiona bahari akauliza nani kaitia chumvi, ulisema kweli."

Majirani wakaja, wakacheka, katibu wa kijiji naye akacheka. Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Kisha katibu akanipa karatasi ya mkoa, nijaze alama za michezo yote miwili kwa wino, niweke sahihi, niirudishe Jumamosi. Masanja akanisindikiza akiwa bado anacheka, akaniambia, "Mtani, mwaka huu mvua ilinitupa, nikataka kuliacha shamba na kikundi. Tisa yako ndiyo iliyoniinua."

Ndugu zangu, mimi ni yule jirani wa kwenye barua. Tofauti ni kwamba yeye hakumnyima mtu mwingine kitu.

Nikijaza tisa na sita, kina mama hawatarudi darasani, na mimi nitajua nani kawafukuza. Nikijaza ninachokijua, Masanja atasomewa alama hizo mbele ya kijiji, na lile jambo nililomwambia akacheka atalisikia upya, bila kicheko. Njia ya heshima ni kumwambia mwenyewe kwanza, na aniamini. Lakini mtani haaminiwi mpaka auache utani, na nikiuacha, maneno yangu yatamkata kama ya binti yake yalivyonikata mimi pale stesheni.

Karatasi iko mezani, nimeiwekea randa isipeperuke. Nisaidieni mawazo, mlio na akili kuliko hakimu huyu: nijaze nini? Na Jumamosi nikishuka kwenye treni, Masanja akaanza kuficha kuku, nimjibu kama siku zote, au nipige goti nimpe shikamoo?