Spoku Ishirini na Nane

Mume wangu Heikichi alitengeneza magurudumu ya baiskeli miaka arobaini na mmoja hapa mjini Sakai, Japani, na asiwadanganye mtu eti ni mzee mpole. Upole umemwingia juzi tu, magoti yalipochakaa.

Zamani, tukishakula cha jioni, alimkalisha binti yetu Chizuru mezani asuke gurudumu kwa spoku, zile nyaya zake. Mtoto wa miaka tisa! Akimaliza, baba yake analizungusha mara moja. Likiyumba hata unene wa karatasi, anachukua plaizi na kukata spoku zote, ta! ta! ta!, mtoto akitazama.

"Anza upya," anamwambia.

Mimi nilikuwa naleta chai. Chai tu, neno sina.

Chizuru alipoolewa, alikata mawasiliano nasi. Miaka kumi na miwili hatukumtia machoni. Mwezi uliopita akapiga simu: mwanawe Suzuna anaendesha baiskeli ya tairi moja, ana mashindano ya shule, na ringi yake imekwisha.

"Baba amsukie gurudumu," akasema. "Likinyooka, mje mumwone Suzuna. Likipinda, basi, tusisumbuane."

Mzee alilia, jamani. Mjukuu wake hajamwona hata kwenye picha.

Akafunga foku, chuma kinachoshika gurudumu, juu chini kwenye meza ya jikoni, na kando ya ringi akakaza kijiti cha kulia wali kwa mpira, kimwonyeshe panapoyumba. Siku nne nzima! Spoku zinamponyoka, anatambaa sakafuni kuzitafuta.

"Baba Chizuru, pumzika kidogo."

"Hebu nyamaza, nasikiliza."

Alikuwa anazigonga kwa ukucha, moja moja, anakaza hii, analegeza ile, mpaka zote za upande mmoja zikatoa mlio mmoja. Jumapili asubuhi gurudumu likazunguka bila kugusa kijiti popote. Nililizungusha mwenyewe mara kumi. Lilikuwa limenyooka, haki ya nani.

Chizuru akaja mchana, peke yake. Viatu alivua, koti hakuvua. Baba yake alikuwa amepiga magoti kando ya meza, mikono mapajani, anasubiri. Chizuru akalizungusha mara moja, akaliangalia mpaka likasimama lenyewe. Aliona limenyooka. Nani angeona kuliko yeye?

"Limepinda," akasema.

"Wapi, mwanangu?"

"Unaniuliza mimi? Fundi ni wewe."

Akafungua mkoba, akatoa plaizi. Alikuja nayo kutoka kwake! Akaanza kukata, taratibu, bila hasira. Nilihesabu zote ishirini na nane. Kipande kimoja kiliruka kikamchana mzee shavuni, naye hakujifuta.

"Anza upya, Baba."

"Lakini mashindano ni kesho kutwa," mzee akasema, kwa kisauti ambacho sijawahi kumsikia nacho.

"Basi usipoteze muda."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno lilikuwa mdomoni kabisa: limenyooka, Chizuru, na unajua. Akageuka akaniangalia, akatabasamu kidogo.

"Na wewe, Mama, unangoja nini? Si ulete chai."

Nikaenda kuchemsha maji.