Nilimwita kwa jina kwenye albamu yangu wakati hatusemezani

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Haya yamenipata mwenyewe, na sijapunguza zile sehemu ambazo naonekana mjinga. Nilichobadilisha ni majina tu.

Swali lililoninyima usingizi wiki tatu ni hili: una haki ya kumwita mtu kwa jina mbele ya watu wakati hamsemezani?

Najua mtasema hilo si swali. Nivumilieni kidogo.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Morogoro, naishi Birmingham kwa shangazi. Nina degree ya biolojia na kazi yangu ni mapokezi kwenye kliniki ya meno. Nafikiria kupita kiasi. Nikimwandikia meneja "sawa", nairudia kuisoma mara sita nione kama haina kiburi.

Kwa miaka minne niliimba kwenye bendi ya watu watatu. Mpiga gitaa ni Espoir, familia yao ilitoka Bukavu, anaishi mtaa wa Erdington, hapahapa Birmingham, na mama yake, Mama Furaha. Drums alipiga Harjit. Huyu bibi yake alizaliwa Kisumu, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha bibi: nusu yake ni amri za jikoni.

Kazi yetu ilikuwa harusi na ubatizo wa Wakongo, kwenye kumbi za Sparkbrook na Erdington.

Kwa wasiojua muziki wa kule: gitaa linapoingia, mwimbaji anatupa majina ya watu waliopo ukumbini. Wenyewe wanaita mabanga. Ukitupiwa jina unasimama, unainua mkono, watu wanakushangilia.

Usiposimama, ukumbi mzima unajua kuna ugomvi. Niliwahi kumwita mjomba mmoja wa bwana harusi, akaendelea kula wali wake. Mpaka keki inakatwa, kila meza ilikuwa na toleo lake la kisa.

Basi. Mwaka jana nikaanza kuandika nyimbo zangu. Art rock. Yaani rock isiyo na haraka ya kumwinua mtu kwenye kiti: wimbo mmoja unabadilika mara tatu, unakuta cello, lile fidla kubwa la sauti nzito, unakuta kelele ya mashine, halafu kimya.

Espoir alisikiliza mmoja akauliza kwa Kiswahili cha kwao, "Sasa hapa bantu banacheza saa ngapi?"

Yaani watu wacheze saa ngapi. Hakuwa na ubaya. Lakini mimi niliondoka na lile swali, nikalala nalo, nikaamka nalo, nikala nalo. Mwisho nikaamua kuacha bendi ili nifanye albamu yangu.

Na sikumwambia usoni. Nilimwandikia WhatsApp. Aya kumi na nne. Nilizichonga siku tisa. Aya ya nane inaeleza kwa nini aya ya saba isieleweke vibaya.

Wiki tatu baadaye dada yake, Furaha, alikuwa anaolewa na sisi ndio tulikuwa tupige. Hilo nililitaja aya ya kumi na moja: "Naamini mtapata mtu."

Espoir alijibu kwa kidole gumba kimoja. 👍

Wakuu, nilikitafsiri hicho kidole mwezi mzima. Baada ya hapo hatukusemezana tena.

Harjit hakuchagua upande. Ana studio ndogo Digbeth, ghorofani kwenye ghala la zamani, na huko ndiko tulikorekodi nyimbo nane. Wimbo wa pili una milango ya mabasi ya coach station ikifunguka na kufungwa. Nilisimama pale nje na simu nikirekodi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Wimbo wa mwisho una dakika nane. Nilitaka kuuimba mara moja bila kukata. Nikafumba macho. Nilipofika kwenye daraja la wimbo, pale ambapo miaka yote minne gitaa lingeingia, mdomo wangu ukafanya kazi uliyozoea:

"Espoir, mwana wa Mama Furaha! Simama tukuone!"

Gitaa halikuwepo. Pale mimi nilikuwa nimepanga kimya cha mizunguko minne ya mdundo, halafu cello.

Kwa hiyo jina likaenda, na hakuna aliyejibu.

Nikavua headphones nikasema, samahani, turudie.

Harjit akasema, "Wacha. Usiguse hiyo."

"Nimekosea."

"Sis, nyimbo saba zote unaficha. Hapa ndio umesema kitu. Funika sufuria, toka jikoni."

Hapo ndipo wiki tatu zangu zilipoanzia. Nikiliacha jina, nitakuwa nimemsimamisha Espoir mbele ya watu wasiohesabika bila ridhaa yake. Watu wa kanisani kwao watasikia. Wataona kama namkejeli, au najipendekeza. Nikilifuta, wimbo unakuwa msafi na umekufa. Nilijaribu kulifuta, nikasikiliza. Ulikuwa kama sebule ya mtu asiyekaa nyumbani kwake.

Nikaandika ujumbe wa kumwomba ruhusa. Ulipofika aya ya sita nikajiogopa. Nikafuta wote, nikachukua koti, nikapanda basi la Erdington. Ilikuwa Jumamosi mchana.

Espoir alifungua mlango mwenyewe. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Ah! Leo unakuya na miguu? Nilizania utaandika."

Nikasema nimekuja kuomba ruhusa ya kitu. Akanionyesha kochi. Jikoni nilimsikia Mama Furaha akisonga ugali, redio ikiongea Kifaransa.

Nikaeleza, vibaya, kwa kurudi nyuma mara nyingi. Akanikatiza.

"Weye unajua siku ya Furaha tuliweka DJ?"

"Sikujua."

"DJ alipiga muzuri. Lakini hajue bantu. Mama alishona nguo, alikaa mbele, alingoja. Hakuna mutu alimuita. Siku ya mutoto wake wa kwanza."

Kwenye zile aya kumi na nne nilifikiria hisia zangu, hisia zake, hisia za Harjit, hata jinsi ya kugawana nyaya. Mama Furaha hakuwemo hata kwa nukta.

Nikasema pole. Neno moja tu, mara ya kwanza maishani sikuliongezea kitu. Halafu nikasema nitalifuta jina.

"Cheza kwanza," akasema.

Nikaweka simu mezani, sauti mpaka mwisho. Dakika tano za kwanza alikuwa ameinamisha kichwa, sikuweza kumsoma. Kisha daraja likaja na sauti yangu ikajaa sebuleni: Espoir, mwana wa Mama Furaha! Simama tukuone!

Kimya kikaanza.

Kigelegele kikatoka jikoni.

Mama Furaha alikuja mpaka mlangoni na mwiko mkononi, unga kwenye kitenge, mkono mwingine juu, vilevile anavyosimama ukumbini. Cello ikaingia yeye bado amesimama. Akasubiri kidogo. Akakunja uso.

"Na gitaa iko wapi?"

"Haiko, mama," Espoir akasema. "Ile nafasi ni yangu."

"Sasa unakaa ju ya nini? Bamekuita, simama!"

Espoir akacheka, wakuu. Alicheka akijifuta macho, na mimi nikapata ujasiri nikamwambia aje Digbeth apige, nafasi ipo.

"Hapana. Mie sipigi hii muziki yako ya kuhuzunisha bantu. Na ukiweka gitaa pale inakuwa harusi." Akanisukumia simu yangu. "Lakini jina, uache. Mama ameshasimama."

Tukala ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Hatukurudisha bendi, na sidhani tutairudisha. Ila tunasemezana.

Nilichojifunza: nilidhani kufikiria sana ni namna ya kuwajali watu. Mara nyingi nilikuwa najilinda mimi. Habari ya kumwacha mtu ipeleke kwa miguu, na umpe nafasi ya kukujibu.

Albamu nilikuwa nimeshaipandisha kwenye mtandao, jina likiwemo, ilibaki kubonyeza tu. Nilibonyeza nikiwa ndani ya basi, kabla halijafika mjini, kwa sababu nilijijua. Ningefika nyumbani ningeanza tena.

Karibuni, hasa mliowahi kuacha bendi, kwaya, hata timu ya mtaani: mliwaambiaje wenzenu? Nitasoma kila comment. Ombi langu moja tu, msinishauri nilifute lile jina.

Imeshatoka.