Pilau ya Mwenye Chumvi

Tajiri aliyeniita nimpikie wageni alikuwa na mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi, malori ya kuibeba hadi bara, na hoteli mbili Watamu. Alikuwa na wanasiasa pia, wa chama hiki na wa chama kile, na ndio aliowaalika siku ile.

Nilipika masufuria manne ya pilau ya mbuzi, na yote nikasahau kutia chumvi. Na chumvi yenyewe ilikuwa uani, magunia kwa magunia. Moja nilikuwa nimelikalia nikichagua mchele! Nilikuja kujua nilipoonja ukoko, na sahani zishakwenda.

Nikachungulia mlangoni. Tajiri alitia tonge kinywani huku akiongea kwenye simu, akasema, "Tamu." Basi! Ukumbi mzima ukaitikia tamu. Watu wazima, jamani! Mbunge mmoja akaomba sahani ya pili, akaapa hajala pilau kama ile tangu azaliwe. Hapo, kwa kweli, hakusema uongo.

Ndipo mamake tajiri aliposukuma sahani yake kando. "Mwanangu, chumvi yote hii ni yako, na pilau mbona haina?"

Tajiri akaonja tena, akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka.

Mbunge akakunja uso. "Mimi nilijua tangu tonge la kwanza," akasema, na sahani ya pili iko tupu mbele yake.